Sadaka Itanguliayo Sikukuu



Kurasa zilizotangulia katika taarifa hii zimekwisha kueleza hesabu za mwaka: ada zilizolipwa, misaada ya mazishi, na karo za watoto waliofiwa na wazazi. Ni desturi njema, baada ya hesabu, kutia maneno machache ya kufundishana. Mwaka huu tumeona vema tuandike habari za Majilio, yaani yale majuma manne ambayo Kanisa hujiweka tayari kwa Krismasi, na habari za sadaka zinazotolewa kwa maskini wakati huo. Hatuandiki kama wahubiri, kwa maana mimbari ina wenyewe. Twaandika kama watu tuliokabidhiwa sanduku la fedha za wengine, ambao hatuna budi kujua waliotutangulia walifanyaje.

Tunayo na sababu ya pili, nayo ni ya aibu kidogo. Twakumbuka mwaka mmoja ambao mchango wa maskini ulikusanywa kwa haraka, Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi, watu wakiwa wamekwisha kununua nguo za watoto na kulipa nauli za kwenda makwao. Kilichopatikana kilikuwa haba. Siku ya Krismasi yenyewe, baada ya ibada, majina ya wenye kupokea yalisomwa kwa sauti mbele ya watu wote, kila mmoja asimame apokee unga, sukari na kipande cha sabuni. Mama mmoja mjane aliitwa mara tatu, asisimame. Alikuwamo, kwenye benchi la nyuma, na wengi wetu tulimwona. Akina mama wenzake walipomwendea baadaye alisema hivi: unga ule kama ungalifika siku tatu mbele, angaliupika, na watoto wake wangalikuja kanisani wameshiba kama watoto wa wengine; lakini kusimamishwa ili atazamwe, hapana.

Neno hilo limetukaa moyoni. Ndipo tukaanza kuuliza: Je, desturi ya kutoa wakati wa Krismasi ilianzaje, na ni wapi sisi tulipoiacha njia yake?

Kwanza na tujue kwamba mchango ulikuwako kabla ya Majilio kuwako. Mtume Paulo alipotaka kuwachangia Wakristo maskini wa Yerusalemu, aliwaagiza Wakorintho kwamba siku ya kwanza ya kila juma kila mtu ajiwekee akiba kwa kadiri ya kufanikiwa kwake, ili michango isije ikaanza kufanywa siku ile atakapofika yeye. Tena hakukubali kuisimamia fedha ile peke yake. Alitaka watu wengine walioaminiwa na makanisa wafuatane naye, asije mtu akapata la kumlaumu kwa ajili ya mali nyingi kama ile. Mwanachama anayenung’unika kila tunapotaja wakaguzi wa hesabu na afikiri jambo hili. Ikiwa Mtume mwenyewe aliona heri kukaguliwa, sisi ni nani hata tukasirike?

Katika Roma, yapata mwaka wa 150, Yustino aliandika jinsi Wakristo wa mji ule walivyofanya Jumapili. Kila aliye na uwezo alitoa kwa hiari yake. Kilichokusanywa kiliwekwa kwa msimamizi wa ibada, naye akawasaidia mayatima na wajane, wagonjwa, wafungwa, na wageni wakaao mjini. Miaka mia moja baadaye, mnamo mwaka wa 251, Kornelio, askofu wa Roma, alitaja katika barua yake kwamba Kanisa la pale lilikuwa likiwalisha wajane na wahitaji zaidi ya 1,500. Na kumbukeni kwamba Kanisa lile lilikuwa limetoka tu kuteswa na serikali. Fedha za kuwalisha watu wengi namna hiyo mwaka hata mwaka hazipatikani kwa huruma ya siku moja. Zinapatikana kwa utaratibu.

Sasa tuje kwenye Majilio yenyewe. Neno hili ni tafsiri ya neno la Kilatini lenye maana ya kuja. Katika nchi ya Ufaransa ya leo, ambayo zamani zile iliitwa Galia, majira haya yalianza kama mfungo. Askofu Perpetuo wa mji wa Tours, aliyekufa yapata mwaka wa 490, aliagiza watu wafunge siku tatu kwa juma tangu sikukuu ya Mtakatifu Martino, tarehe 11 Novemba, hata Krismasi. Karibu na mwaka wa 581, maaskofu waliokutana katika mji wa Mâcon wakaithibitisha kawaida hiyo, wakazitaja na siku zenyewe: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Baadaye Roma ikaleta hesabu iliyo fupi, ya Jumapili nne, nayo ndiyo tuliyorithi.

Wala si bure kwamba mfungo ule ulianzia sikukuu ya Martino. Huyu Martino alikuwa askari, hajabatizwa bado, aliyekutana na maskini asiye na nguo kwenye lango la mji wa Amiens wakati wa baridi kali. Fedha hakuwa nayo, maana alikuwa amekwisha kuigawa yote. Akachomoa upanga wake, akalikata joho lake vipande viwili, akampa yule maskini nusu, nusu akajifunika mwenyewe. Wengine waliokuwapo walimcheka kwa kuvaa kipande. Mtu aliyetoa nusu ya vazi lake alibaki na baridi nusu, akawa mwenziwe yule aliyempa. Basi watu wa Tours walipoianza safari ya kuelekea Krismasi kutoka siku ya mtu huyu, walijua wanakwenda wapi.

Leo Mkuu, aliyekuwa askofu wa Roma tangu 440 hata 461, alihubiri mara nyingi juu ya mfungo wa mwezi wa Desemba, naye hakuacha kuufungamanisha na sadaka. Alifundisha kwamba chakula ambacho mfungaji hakukila kisirudi ghalani mwake, bali kimwendee asiye nacho. Na tupige hesabu kidogo. Mtu afungaye siku tatu kwa juma tangu tarehe 11 Novemba mpaka Krismasi hufunga siku zipatazo 19. Akiweka kando chakula cha mchana cha siku hizo, hata kama ni cha mtu wa mshahara mdogo, atakuwa na kitu mkononi, wala hatakuwa amekopa. Kwa njia hii hata maskini alipata cha kutoa. Wahenga wetu walisema kutoa ni moyo, si utajiri, nasi twapenda kuirudia methali hiyo. Lakini waliofunga walijua kwamba moyo nao huhitaji kutayarishwa, kama shamba linavyotayarishwa kabla ya mvua.

Zikapita karne nyingi, na mahali pengi mfungo ukalegea, sikukuu ikabaki. Hapo tutaruka hata mji wa Hamburg, katika Ujerumani, karne ya 19, kwa kuwa huko ndiko ilikotoka alama moja ya Majilio ambayo wengi wetu tumeiona kanisani bila kujua asili yake: lile shada la majani lenye mishumaa minne, ambapo mmoja huwashwa kila Jumapili.

Hamburg ulikuwa mji wa bandari, wenye matajiri wakubwa na vichochoro vya maskini, kama ilivyo miji ya bandari kila mahali. Johann Hinrich Wichern alizaliwa humo mwaka wa 1808. Baba yake alikufa kijana akiwa na miaka 15, naye ikampasa kufundisha watoto wa watu ili amsaidie mama yake kuwalea wadogo zake. Aliposomea theolojia na kurudi kwao, alifundisha shule ya Jumapili katika mtaa wa maskini, akawafuata watoto mpaka majumbani. Aliyoyaona humo yalimwonyesha kwamba nguo kuukuu na mkate wa siku moja havitoshi. Mwaka wa 1833, kwa msaada wa raia wachache wenye mali, alipewa nyumba ndogo na shamba katika kijiji cha Horn, nje ya mji. Nyumba hiyo iliitwa Rauhes Haus. Akahamia humo pamoja na mama yake na dada yake, akaanza kupokea wavulana ambao mji ulikuwa umekwisha kuwaita wezi na wazururaji.

Yafaa tutazame jinsi alivyowapokea. Kila mtoto aliyeingia aliambiwa kwamba makosa yake ya nyuma yamesamehewa, na kwamba mahali pale hapana ukuta, wala handaki, wala komeo la kumzuia. Watoto hawakulazwa katika bweni moja kubwa kama askari. Waligawanywa katika jamaa ndogo, kila jamaa yapata watoto 12, pamoja na kijana mmoja mkubwa aliyekuwa kama kaka yao. Walilima, wakajifunza useremala na kazi nyingine za mikono, na nyumba zilizoongezwa walisaidia kuzijenga wenyewe. Wafadhili wa mji walipokuja kutazama, hawakuonyeshwa safu ya waombaji walionyosha mikono. Walionyeshwa watoto kazini.

Watoto hao, kama watoto wote, walimchosha Wichern kwa kumwuliza kila siku kama Krismasi imefika. Basi mwaka wa 1839, ambao Jumapili ya kwanza ya Majilio iliangukia tarehe 1 Desemba, alitwaa gurudumu kuukuu la mkokoteni, akatia juu yake mishumaa minne mikubwa kwa Jumapili nne, na midogo 20 kwa siku za kazi zilizobaki. Kila siku walipokutana kuomba waliwasha mmoja, na nuru ikazidi siku kwa siku hata usiku wa kuamkia Krismasi, yote 24 ikawaka pamoja. Baada ya miaka mingi desturi hiyo ilienea katika makanisa ya Ujerumani, halafu ulimwenguni, mishumaa ikipunguzwa kuwa minne.

Tumeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu shada lile twalipamba vizuri kila mwaka, tukasahau kwamba halikuzaliwa katika kanisa la matajiri. Lilizaliwa katika nyumba ya watoto waliokuwa hawana kwao, na lilitengenezwa ili mtoto asiye na kitu aweze kuihesabu Krismasi kuwa yake, ikimjia kila siku hatua moja. Mtu awashaye mshumaa wa kwanza bila kumwuliza jirani yake atakula nini siku ya mshumaa wa nne ameshika alama, ameacha maana.

Mwaka wa 1848 Wichern alisimama mbele ya mkutano wa makanisa huko Wittenberg, akasema kwamba kazi ya upendo kwa maskini ni ya Kanisa sawasawa na kazi ya imani. Tangu hapo vyama vya misaada vikaongezeka nchini mwake. Na roho ya nyakati zile ilifika hata kwetu, maana katika mji mdogo wa Neukirchen nyumba ya mayatima iliyoanzishwa mwaka wa 1878 ilikuja kuzaa chama cha misioni, na watu wake wakafika Ngao, kwenye mto Tana, mwaka wa 1887.

Na tulipofika pwani yetu wenyewe, na tusimame Rabai. Hapo Krapf na Rebmann walijenga kituo chao mwaka wa 1846. Na mwaka wa 1875 ukaanzishwa mji wa Freretown, ng’ambo ya kisiwa cha Mombasa, kwa ajili ya watumwa waliokombolewa baharini. Lakini kadiri miaka ilivyopita, watu wengine walikimbilia Rabai na vituo vingine bila kukombolewa na mtu, wakitoroka katika mashamba ya mabwana zao. Walijenga vibanda, wakalima, wakahesabiwa katika watu wa kituo. Miongoni mwa waliohudumu hapo alikuwamo William Jones, aliyekuwa mtumwa utotoni, akasomeshwa Uhindi, akapewa ushemasi na Askofu Hannington mwaka wa 1885. Ndiye aliyewarudisha pwani watu wa msafara wa askofu huyo alipouawa mwaka uleule njiani kwenda Uganda.

Mwaka wa 1888 wenye watumwa walidai watu wao. Kampuni ya Waingereza ya Afrika ya Mashariki, ambayo ndiyo kwanza ilianza kazi yake, iliona hatari ya ugomvi ule. George Mackenzie, mkuu wa Kampuni hiyo hapa pwani, akafanya mapatano: wenye watumwa walipwe fedha, na watoro wapewe hati za uhuru. Tarehe 1 Januari 1889, juma moja baada ya Krismasi, hati hizo zilitolewa Rabai. Waliopata uhuru kwa mapatano hayo, katika Rabai na vituo vilivyo jirani, walikuwa zaidi ya watu 1,400.

Twaweza kuwaza jinsi majuma ya Majilio ya mwaka ule yalivyopita kwa watu wale, kila mmoja asijue kama kuja kwa mwaka mpya kutamletea hati ama pingu. Sisi tunaoimba juu ya kungoja, wao walingoja kweli.

Hata hivyo historia hutudai haki pande zote. Fedha ile iliingia mikononi mwa wale waliokuwa wamemiliki watu. Aliyetoka jasho shambani hakulipwa hata ndururu. Na Kampuni haikutoa kwa huruma tupu, maana ilitaka amani pwani ili biashara yake ipite. Wala hati yenyewe haikumlisha mtu. Jambo hili twalitaja kwa sababu si kila kitu kiitwacho sadaka hupimwa kwa kiasi chake. Hupimwa pia kwa swali hili: Je, aliyepokea amebaki amesimama? Watu wa Rabai na Freretown walisimama kwa kuwa kulikuwako shamba, shule, ufundi na jirani, siku zote za mwaka. Ndiyo sababu waliosaidiwa mle walitoa walimu na wainjilisti, wakaja kuwafundisha wengine. Waliokuwa wakipokea wakageuka kuwa wenye kutoa, na hakuna hesabu njema kuliko hiyo ambayo chama cha misaada kinaweza kuionyesha.

Kabla ya kumaliza, na tuwaangalie ndugu zetu Waislamu, maana wengine ni majirani zetu na wengine ni jamaa zetu. Wao wana zaka ya Fitri, ambayo kila mwenye uwezo huitoa Ramadhani inapokwisha, na sheria yao yaagiza itolewe kabla ya sala ya Idi, ili maskini naye apate chakula cha sikukuu asilazimike kuomba siku hiyo. Ikicheleweshwa mpaka baada ya sala, huhesabiwa kuwa sadaka kama sadaka nyingine tu. Tulipolifikiri neno hili tukakumbuka yale ya mama yule kwenye benchi la nyuma. Alikuwa amesema lilelile. Sadaka ya sikukuu huitangulia sikukuu.

Basi, wazee wetu na ndugu wanachama, kutokana na habari hizi halmashauri yaleta mbele yenu mashauri manne, yazungumzwe katika mkutano mkuu.

Kwanza, sanduku la maskini lifunguliwe mapema, lisingoje Jumapili ya mwisho. Kila nyumba iwe na kikopo chake tangu katikati ya Novemba, na mwenye kuweza ajinyime kitu kimoja kwa siku chache za kila juma, akiweke humo. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hakijai kwa siku moja.

Pili, fedha zihesabiwe na watu watatu, mmoja wao awe mama, na hesabu isomwe mbele ya wanachama wote. Isomwe jumla iliyopatikana na jumla iliyotolewa. Majina ya waliopokea yasisomwe kamwe.

Tatu, vyakula vifikishwe majumbani kabla ya Jumapili ya nne ya Majilio, jioni, bila kelele, kama jirani anavyomletea jirani. Shauri hili si letu. Ni la mama yule mwenyewe, ambaye tulikwenda kumwomba radhi, naye akatukaribisha chai.

Nne, sehemu ya mchango isitumike Desemba. Sote twajua mwezi wa Januari ulivyo, karo zinapodaiwa na mifuko imekwisha kukung’utwa. Mtoto aliyekula nyama siku ya Krismasi na kurudishwa nyumbani shule ikifunguliwa hakusaidiwa sana.

Huenda mtu atasema kwamba haya ni mengi mno kwa mfuko wa unga. Twajibu kwamba mfuko wa unga ni uleule. Siku na namna ya kuutoa ndizo zinazoufanya uwe heshima au uwe fedheha. Martino alikata joho. Wichern aliwasha mshumaa wa kwanza siku 23 kabla ya ule wa mwisho. Na watu wa Rabai walipokwisha kusimama walitoa walimu kwa ajili ya wengine. Sisi tumepewa kikopo na majuma machache. Mungu atujalie tuyatumie vema, ili Krismasi ijayo, watu watakaposimama kuimba, pasiwe na mtu kwenye benchi la nyuma anayeogopa kusikia jina lake.